Daftari Tupu la Dufie

Nyarkoa aliuza maji baridi mlangoni kwake, mtaa wa Suame, Kumasi, nchini Ghana. Binti yake, Dufie, alisomea ufundi wa friji. Chuo kilimpeleka kwa fundi Obiri kwa miezi sita, ajifunze kazi kwa mikono yake. Baada ya hapo angefanya mtihani wa vitendo. Akishindwa, hapati cheti.

Siku ya kumpeleka, Nyarkoa alifuata desturi. Alibeba chupa ya pombe kali, akamkabidhi fundi kwa mkono wa kulia. "Kuanzia leo huyu ni mtoto wako," alisema. "Mtume utakavyo." Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza atafundishwa nini.

Mwezi wa nne friji la nyumbani likagoma. Nyarkoa akamwita binti yake kwa utani, akimwambia fundi mkubwa aje, malipo ni sahani ya wali. Dufie alishika bisibisi, akasimama tu.

"Maame, kule sijawahi kufungua friji hata moja."

Alikuwa akifagia karakana, akifua nguo za mke wa fundi, akimchukua mtoto wao shuleni na kupanga foleni ya chakula cha mchana. Daftari la chuo, ambalo fundi alipaswa kulisaini kila wiki, lilikuwa tupu. Zilibaki wiki nane kabla ya mtihani.

Nyarkoa alifoka. Mbona alinyamaza muda wote huo?

"Wewe ndiye ulimwambia anitume atakavyo," Dufie akajibu polepole.

Usiku ule Nyarkoa hakulala. Asubuhi akaenda kwa jirani yake Birago, mwalimu wa ufundi. Birago alimweleza kwamba mwanafunzi huenda karakana na orodha ya kazi za kujifunza. Fundi huisoma na kuikubali, mzazi huijua, na mwalimu wa chuo huja kukagua. Kufagia si vibaya, ila hakuwezi kuwa somo zima.

Nyarkoa aliogopa. Kumhoji bwana wa kazi si utovu wa adabu?

"Dada, unaulizia masomo ya mwanao. Hugombani na mtu," Birago alisema.

Walikwenda karakana kwa Obiri pamoja na mwalimu wa chuo cha Dufie, ambaye hakuwahi kuja kukagua. Obiri alikunja uso.

"Mimi nilimfulia bosi wangu nguo. Nilikufa?"

"Hukufa, fundi," Birago akamjibu. "Lakini friji ulilishika mwaka wa ngapi?"

Obiri akacheka kidogo. "Wa tatu."

"Huyu ana wiki nane."

Wakaandika: kupima umeme, kuunga mabomba, kujaza gesi, kutafuta hitilafu. Pia miwani na glavu za kazi. Obiri akasaini. Mke wake akatafuta mtu wa kumfulia.

Tangu hapo Dufie alirudi nyumbani na mafuta kwenye kucha, akila huku anasimulia mabomba. Siku ya mtihani alipewa friji lililokufa. Alipima, akakuta waya umekatika, akauunga. Likaanza kunguruma. Alifaulu, na Obiri mwenyewe akamwajiri.

Juzi mteja mmoja alimwambia Nyarkoa kwamba Jumatatu anampeleka binti yake kwa fundi cherehani, na chupa ameshanunua.

"Mwezi wa kwanza atafundishwa nini?" Nyarkoa akauliza.

Yule mama hakujua.

"Basi nenda kaulize kwanza, mwenzangu. Kazi atakazojifunza ziandikwe. Sherehe itasubiri."