Nilirarua Jani la Isale Mbele ya Trekta Langu

"SIRILI, UNATAKA KUNIUA?!"

Hayo ndiyo maneno yaliyonitoka baada ya chuma kudondoka. Puuu!

Jamani, sekunde moja kabla, mkono wangu wa kulia ulikuwa pale pale kilipoangukia. Nilikuwa nimeurudisha kujikuna shingo. Kofia yangu ilianguka mahali pa mkono, ikabanwa mpaka ikawa chapati.

Sirili alikuwa amekaa kwenye kiti cha trekta, mikono ameinua juu.

"Jovin, naapa sijagusa kitu!"

"Hujagusa? Kwa hiyo chuma kimeamua chenyewe?"

Nikapanda kuangalia. Ile pini nene inayoshikilia jeki juu... haikuwepo! Ilikuwa chini, kwenye majani. Na kile kiwaya kinachoifunga pini isitoke, mtu alikuwa amekichomoa.

Mtu! Waya haujichomoi.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo ndugu zangu, mnielewe.

Hii ni Kilema, mwaka 2001. Wachaga wenzangu wa umri wangu mnaukumbuka. Bei ya kahawa ilikuwa imekufa kabisa, mtu unavuna mpaka kucha zinakuwa nyeusi halafu unachopata ni aibu tupu.

Kule chini tambarare kulikuwa na shamba kubwa, mwenyewe ameamua kung'oa mibuni yote ya zamani. Meneja akatangaza: mwenye mashine ya kung'oa na kubeba visiki aje Jumamosi ya mwisho wa mwezi kwa majaribio. Atakayeweza anapewa kazi ya shamba zima.

Mimi nilikuwa na trekta kuukuu lenye baketi mbele, lile bakuli la kuchotea mchanga na mbolea. Ila kisiki ukikichota kwenye baketi kinabingirika, kinakucheka.

Ndipo nikawaza makucha.

Nikakata springi za lori, nikazipinda kwa moto, nikazichomelea kwenye fremu juu ya baketi. Jeki ya haidroliki nikaitoa kwenye mashine iliyokufa, paipu za mafuta nikazifuata Holili. Ukisukuma mkono wa kuendeshea, mafuta yanaingia kwenye jeki, makucha yanashuka, yanaking'ang'ania kisiki kwenye baketi. Kwisha habari yake!

Sirili alikuwa mshkaji wangu tangu darasa la kwanza. Mimi nachomelea, yeye anafunga paipu. Banda lilikuwa nyuma ya nyumba ya baba, funguo mbili tu. Moja kwangu, moja kwake.

Siku makucha yalipofunga vizuri mara ya kwanza, nilitamba mezani kama kichaa.

"Kabla ya Jumamosi ya majaribio nitaijaribu hapa hapa nyumbani, kwenye kihamba chetu. Hii mibuni imezeeka, haina faida. Naanza na mstari wa juu."

Mke wangu Kornelia akacheka. Baba, Mzee Wenseslaus, akaendelea kumenya ndizi yake.

"Sawa," akasema.

Baada ya hapo vituko vikaanza.

Jumatano, nati nne hazionekani. Nikasema labda panya wa Kilema siku hizi wanakula chuma.

Ijumaa, paipu imelegezwa, mafuta yote yako sakafuni.

Hapo nikaanza kupiga hesabu. Funguo mbili... Moja ninayo mimi.

Kesho yake, Jumamosi, wiki moja kabla ya majaribio, mtu akaniambia jana yake amemwona Sirili kule Mwika, anaongea na Yoramu. Yoramu naye ana trekta! Naye anaitaka kazi ile ile!

Nikamwuliza Sirili kwa upole wa kinafiki.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Nyumbani tu."

MUONGO!

Jumapili kabla ya Misa nikamwaga majivu sakafuni banda zima, nikafunga mlango, nikaenda kanisani. Baba alibaki, goti linamsumbua. Sirili hakuonekana kanisani. Padri anahubiri upendo, mimi nahesabu viti!

Tuliporudi, nikafungua banda. Nyayo! Za makubazi ya tairi. Na Sirili anavaa makubazi ya tairi.

Nikakagua paipu, nikakagua nati, kila kitu kizima. Kule juu kwenye pini sikuangalia. Kesho yake ndiyo chuma kikanidondokea.

Sasa niambieni, ningekuwa na ushahidi gani mwingine?

"Toka kwangu! Kamwambie Yoramu ameshindwa!"

"Yoramu? Jovin, Yoramu nilimfuata..."

"Si ulisema ulikuwa nyumbani? Weka ufunguo hapo chini. Toka!"

Akauweka. Akaondoka hajageuka.

Jumanne saa kumi jioni, nikiwa nachomelea, nikaona mtu amesimama mbele ya trekta. Sirili. Ameshika jani la isale mkononi, limefungwa fundo.

Kwa asiye wa kwetu: isale, ikiwa mingi masale, ni mmea tunaoupanda mipakani na makaburini. Ukimkosea mtu kosa zito, unampelekea jani lake. Isale ikija, hasira inashuka. Hata kama umeumizwa, unaipokea. Kuikataa ni kujitafutia laana.

Ila mimi niliona kitu kimoja tu. Amekiri! Mtu asiye na kosa anabeba isale ya nini?

"Kwa hiyo ni wewe kweli!"

"Jovin, ipokee kwanza, halafu tuongee."

"Nipokee? Mkono wangu ungekatika, ungeniletea jani?"

"Ipokee, nakuomba. Siwezi kusema neno mpaka uipokee."

Nikamnyang'anya. NIKALIRARUA. Nikamtupia miguuni.

Jamani... Sirili alibadilika rangi.

"Umerarua isale, Jovin?"

"Na wewe nitakurarua usipotoka!"

Akainama, akaokota vile vipande kimoja kimoja, akavitia mfukoni. Machozi yalikuwa yanamlenga. Wala sikumwonea huruma.

Kornelia alikuwa ameona yote, ana mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Akautua taratibu.

"Baba Digna, hiyo isale Sirili ameikata wapi?"

"Nitajuaje? Si kwao ipo!"

"Mimi natoka kukata majani kule kwa babu. Masale ya kaburini yamekatwa jani moja. Pale lilipokatwa bado panatoa maji."

Masale ya kaburi la babu hayakatwi na mtu yeyote tu. Hata mimi siwezi kuyagusa. Katika ukoo wetu anayekata pale ni mmoja tu, mkubwa wa ukoo.

Nikarudi bandani, nikazunguka nyuma ya ukuta wa mbao. Ubao mmoja ulikuwa umelegea, misumari imetolewa kistaarabu. Nani aliyejenga banda lile? Baba. Na nani mwingine anavaa makubazi ya tairi? Yesu na Maria... nusu ya mlima wanayavaa! Baba akiwemo!

Nilimkuta kihambani, kwenye mstari wa juu wa mibuni, anapogolea matawi kama vile bei ni nzuri.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeipokea?"

Akaniangalia usoni, akaelewa. Akakaa chini polepole kwa lile goti lake.

"Hii mibuni niliipanda na mama yako mwaka tuliooana," akasema. "Ndiyo iliyokusomesha ufundi. Ungeniambia unaiuza, ningelia tu. Ukasema unaing'oa kwa majaribio."

"Baba, si ungenikataza?"

"Wewe unakatazika?"

Kweli tupu. Sikatazikagi.

"Nati ni mimi, paipu ni mimi, na Jumapili nikatoa kile kiwaya. Nilidhani dude litagoma tu kufunga. Niliposikia kishindo na wewe unapiga kelele, nilijua nimemuua mwanangu. Baba hamwendei mwanawe na isale, Jovin. Nikamtuma Sirili. Nikamwapisha asinitaje mpaka uipokee."

"Na Yoramu je?"

"Sirili alikwenda kumwomba paipu mpya, ile yenu ilikuwa inavuja. Akakudanganya kwa sababu alijua ukisikia jina la Yoramu utawaka."

Nililia, wanangu. Mwanaume mzima, nimeshika mbuni.

Sasa nimekosa mara mbili. Nimemsingizia rafiki, nimerarua isale. Na aliyerarua isale hawezi tena kuibeba mwenyewe, lazima mtu ambebee. Nani atambebea mtu aliyerarua?

Baba akainuka. Akaenda kaburini, akakata jani lingine, akalifunga fundo. Akashuka mteremko ule wote na goti lake bovu mpaka kwa Sirili. Mimi nikabaki njiani, nimejificha kwenye migomba.

Nikamsikia Sirili akisema:

"Shikamoo mzee. Hii umeibeba ya nani?"

Akauliza! Neno moja tu, YA NANI. Neno ambalo mimi lilinishinda.

Akaipokea kwa mikono miwili.

Jumamosi tulikwenda tambarare pamoja, tukapata kazi, tukang'oa lile shamba zima. Sirili ndiye aliyekuwa anashika mkono wa kuendeshea, mkono wangu uko kwenye visiki. Sikugeuka hata mara moja kumchunga.

Mibuni ya baba ipo mpaka leo. Yeye amelala mwisho wa mstari wa juu, na masale yake nayakata mimi sasa.

Wewe unayesoma hapo umekunja sura, una mtu umemnunia. Kabla hujamrarua, muulize kwanza alichobeba ni cha nani.