Kodi Ambayo Ilikuwa Haijapanda

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, nyumbani kwa Verlene Stokes watu huamka saa kumi na moja alfajiri. Siku hizo mumewe, Roscoe, huenda kusafishwa damu, kwa sababu figo zake hazifanyi kazi tena. Hukaa kwenye mashine kwa muda wa saa nne. Akirudi huwa amechoka, hataki kuongea, anataka tu kulala.

Binti yao Danita ndiye aliyekuwa akimpeleka. Alikuwa na gari kuukuu ambalo mlango mmoja haufunguki. Humshusha baba yake kwenye kituo cha kusafishia damu, humpeleka bintiye Trinity shuleni, kisha huvuka daraja kwenda kazini. Danita huwaosha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Trinity alikuwa na miaka sita.

Watu hao wanne waliishi katika nyumba ya vyumba vitatu, ghorofa ya pili ya jengo letu. Mimi nakaa mlango wa pili kutoka kwao. Verlene alikuwa mpishi wa shule kwa miaka ishirini na sita, mpaka magoti yakamshinda. Kodi nzima ya nyumba ile wasingeiweza. Walilipa sehemu, na Ofisi ya Nyumba ya mji ililipa iliyobaki. Karibu kila mlango wa jengo letu unaishi hivyo.

Mwezi wa Februari ofisi ilituletea barua, kila nyumba ya kwake. Asubuhi hiyo Verlene alikuwa chini, kwenye chumba cha mashine za kufulia. Akaingia Lorraine, jirani wa ghorofa ya tatu, na kapu la nguo kiunoni.

"Bi Verlene, barua umeipata?" akauliza. "Anza kutafuta maboksi."

"Maboksi ya nini?"

"Ya kuhamia. Kodi inapanda. Kila mwenye kazi humo ndani mshahara wake utakamuliwa mpaka senti ya mwisho. Dada yangu kaniambia."

"Dada yako si anakaa mji mwingine?"

"Kodi ni kodi," akasema Lorraine, akaanza kutia nguo kwenye mashine.

Verlene alipanda juu kwa shida ya magoti yake, akafungua barua, akasoma ukurasa wa kwanza. Aliona kwamba familia zenye mtu anayefanya kazi zitalipa dola thelathini na tano katika kila mia ya kipato, badala ya thelathini. Aliona pia kwamba gharama za tiba hazitatolewa tena kwenye kipato kabla ya kupiga hesabu, ingawa hilo hakulielewa vizuri. Hakuendelea. Kulikuwa na kurasa nyingine mbili na fomu. Akaikunja yote, akaitia kwenye droo ya vitambaa vya jikoni.

Wiki hiyo hiyo Danita alirudi kutoka kazini akiwa na furaha. Walikuwa wanakula maharage na mkate wa mahindi. Akasema msimamizi wake anataka kumwongezea saa za kazi, kuanzia mwezi ujao.

"Usizichukue," Verlene akasema.

Danita alidhani mama yake anatania. Verlene akawaeleza habari ya barua kama alivyoielewa. Mshahara wa Danita, alisema, ndio utakaowatoa ndani ya nyumba. Kisha akasema jambo ambalo lilikuwa likimzunguka kichwani tangu aisome barua.

"Ni bora uhame, wewe na mtoto. Kwenye fomu nitaandika tuko wawili."

"Nihamie wapi, mama?"

"Una marafiki."

Roscoe aliweka kijiko chini. "Verlene, huyo ni mtoto wetu."

"Najua ni mtoto wetu. Na hii ni nyumba yetu, na inaondoka."

Danita hakubishana. Jumapili alipakia nguo zake na za Trinity garini, akaenda kulala kwenye kochi la mfanyakazi mwenzake ng'ambo ya mto. Verlene alisimama dirishani mpaka gari likakata kona. Hakutoka kuaga.

Fomu yenyewe Verlene hakuijaza. Kila alipofikiria kuandika tuko wawili, mkono ulikuwa mzito. Kila alipofikiria kuandika tuko wanne, aliogopa. Mwisho akajiambia kwamba asipojibu kitu, hawatakuwa na kitu cha kuhesabu. Hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote, lakini hakuna aliyekuwepo wa kumwambia.

Sasa Roscoe alienda kituoni kwa mabasi mawili. Wiki mbili aliweza. Jumatano ya wiki ya tatu barabara zilikuwa na barafu. Basi la kwanza lilichelewa, la pili likamwacha. Alipofika, mashine yake ilikuwa imeshapewa mgonjwa mwingine. Akaambiwa arudi kesho yake asubuhi. Lakini ilipofika asubuhi miguu ilikuwa imevimba, na maji yalikuwa yamejaa kifuani. Hakuweza kuvuta pumzi akiwa amelala. Mimi ndiye niliyewafungulia mlango wa chini wahudumu wa gari la wagonjwa. Verlene alikuwa nyuma yao, amevaa koti juu ya gauni la kulalia, akiuliza kila mtu kama amemwona Danita.

Danita alifika hospitalini kabla ya saa nne. Akakaa upande mmoja wa kitanda, mama yake upande wa pili. Walizungumza na daktari. Wao kwa wao hawakuzungumza.

Mchana Danita alikuja nyumbani kuchukua nguo za baba yake. Kwenye sanduku la barua alikuta barua nyingine ya Ofisi ya Nyumba, imekaa siku nne. Ilisema kwamba karatasi za familia ya Stokes hazijapokelewa, na kwa hiyo msaada wa kodi utakoma mwisho wa Aprili. Asiyekubaliana anaweza kuomba kusikilizwa, kwa maandishi, ndani ya siku kumi.

Chumba namba moja cha jengo letu anakaa Emmett Crabtree. Alikuwa mtu wa posta kwa miaka thelathini na mmoja, na sasa ni mwenyekiti wa kamati ya wapangaji, kwa kuwa wengine wote tulikataa. Danita alimpelekea barua zote mbili jioni hiyo. Verlene alimfuata, akakaa na mikono ameikunja kifuani; nami nilikuwepo.

Emmett alipanga kurasa mezani moja moja. Akaweka kidole kwenye ukurasa wa kwanza.

"Hii inasema nini, Bi Verlene?"

"Kodi inapanda."

"Nisomee neno hili hapa juu."

"Pendekezo."

"Maana yake nini?"

"Bwana Emmett, mimi si mtoto wa shule."

"Najua. Wajukuu zangu wamekua kwa chakula chako. Ndiyo maana nataka useme mwenyewe."

Verlene akalisoma tena neno lile. "Jambo ambalo wanataka kulifanya," akasema. "Bado hawajalifanya."

"Basi kodi haijapanda. Inaweza kupanda, inaweza isipande. Ukurasa wa pili unasema wananchi watoe maoni kwanza, na kuna mkutano wa hadhara. Baada ya hapo bodi ndiyo itapiga kura." Akasogeza ukurasa wa tatu na fomu. "Na hii hapa haina uhusiano na kodi mpya. Hii ni fomu ya kila mwaka, ile ile unayojaza siku zote. Waliituma kwenye bahasha moja tu. Si kanuni mpya inayotaka kukutoa nyumbani. Ni fomu hii ambayo hukuijaza."

Verlene aliitazama fomu muda mrefu. Danita alitazama ukutani.

Emmett hakumgombeza. Aliwaeleza taratibu. Anayelala ndani ya nyumba lazima aandikwe. Ukimficha, ofisi ikigundua, unaweza kupoteza msaada na kutakiwa kurudisha walichokulipia. Na kama kweli wangebaki wawili, wasingeachiwa vyumba vitatu. Wangehamishiwa nyumba ndogo, na Danita angekosa pa kurudi. Tena kipato kikipanda au kikishuka, mtu anatoa taarifa mapema. Kikishuka, anaweza kuomba kodi ipigwe hesabu upya bila kungoja mwaka uishe.

Kisha akauliza kama wamewahi kupeleka risiti za dawa za Roscoe.

"Risiti za nini?" Verlene akauliza. "Dawa si shida yetu wenyewe?"

Ndipo Emmett akawaeleza jambo ambalo hata mimi nilikuwa silijui. Kwa kanuni ya sasa, mkuu wa nyumba akiwa mzee au mlemavu, ofisi haihesabu kipato chote. Hutoa kwanza gharama za tiba ambazo familia imelipa yenyewe na hazikurudishwa na bima, zikizidi kiwango kilichowekwa. Hutoa pia gharama za kumtunzia mtu mtoto ili aende kazini. Trinity alikaa kwa mlezi kila siku baada ya shule, na hakuna aliyewahi kuandika hilo. Akaongeza kwamba kila mji una ofisi yake na kanuni zake, kwa hiyo wasifuate mambo ya dada yake Lorraine. Waulize ofisi yao.

Usiku huo waliandika ombi la kusikilizwa pale pale mezani. Lilikuwa na mistari sita tu. Asubuhi Danita alilipeleka mwenyewe. Emmett alikuwa amemwagiza aende na nakala, na asiondoke mpaka nakala ipigwe muhuri wenye tarehe. Kisha Danita na Trinity walirudi nyumbani na nguo zao. Verlene alitandika kitanda cha mtoto. Danita alimshukuru. Kwa wiki kadhaa hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao: asante, saa ngapi, dawa amekunywa.

Siku ya kusikilizwa walikwenda wote watatu, Roscoe akiwa na fimbo. Afisa aliyewapokea aliitwa Bi Pettway. Walimpa fomu iliyojazwa, yenye majina manne. Walimpa karatasi za mshahara, risiti za dawa za mwaka mzima, barua ya mlezi wa Trinity, na karatasi ya hospitali. Bi Pettway aliuliza kwa nini walichelewa. Verlene alijibu kwamba aliogopa. Afisa akaandika jambo. Wiki mbili baadaye jibu lilikuja. Msaada unaendelea. Na baada ya gharama zile kutolewa, sehemu yao ya kodi ilishuka, ingawa mshahara wa Danita ulikuwa umehesabiwa wote.

Lilibaki lile pendekezo. Mkutano wa hadhara ulifanyika mwezi wa Mei, katika ukumbi wa maktaba. Emmett alipita mlango kwa mlango kutuambia. Tulikwenda watu kumi na tisa kutoka jengo letu, Lorraine akiwemo. Kila msemaji alipewa dakika mbili. Wengine walilalamika tu, na wajumbe wa bodi wakawasikiliza kwa adabu. Verlene alipoitwa alisimama na kushika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake.

"Naitwa Verlene Stokes," alisema. "Nimepikia watoto wa mji huu miaka ishirini na sita. Mume wangu anaishi kwa mashine siku tatu kwa wiki. Pesa ya dawa haikai kwangu. Inaingia mkono huu, inatoka huu. Mkiihesabu kama pesa yangu, mnanidai kodi ya pesa ambayo sina."

Akapumua. Nilidhani amemaliza.

"Na jambo la pili. Niliposoma barua yenu, nilisoma ukurasa mmoja nikamtoa binti yangu nyumbani. Kosa ni langu, si lenu. Nilimtoa mtu anayenisaidia ili niiokoe nyumba. Baba yake karibu afe. Sijamwomba msamaha, namwomba hapa. Lakini nanyi mkituandikia tena, wekeni juu kabisa, kwa herufi kubwa, kwamba bado haijaamuliwa. Tunaogopa haraka, sisi."

Danita alikuwa safu ya tatu. Mkutano ulipokwisha alimngoja mama yake mlangoni, akampa mkono kwenye ngazi kwa ajili ya magoti. Waliteremka hivyo, polepole, mpaka garini, wakizungumza. Sikusikia walichosema.

Bodi ilipiga kura mwezi wa Juni. Wapangaji hawakupata yote waliyotaka, wala ofisi haikupata yote. Punguzo la gharama za tiba liliachwa kama lilivyokuwa. Sehemu inayolipwa na familia zenye mtu anayefanya kazi itapanda, lakini kidogo kidogo kwa miaka mitatu, na atakayeshindwa ataweza kuomba nafuu kwa maandishi. Barua iliyoleta habari hiyo ilikuwa na maneno matatu makubwa juu: UAMUZI WA MWISHO. Lorraine alikuja kuisomea kwa Verlene. Waliisoma mpaka sahihi ya mwisho, pamoja na anwani.

Danita alichukua zile saa za ziada. Alitoa taarifa ofisini wiki ile ile, na kodi ikapigwa hesabu upya. Hata baada ya kodi kupanda kwa sababu ya mshahara mpya, kilichobaki mkononi kilizidi cha zamani. Roscoe hajakosa mashine tena hata siku moja.

Nyongeza ya kwanza ya kanuni mpya ilianza mwezi wa Oktoba. Siku ya kulipa, Danita aliweka pesa ya nyongeza hiyo mezani kabla mama yake hajafungua pochi. Hakuna aliyekuwa amemwomba.