Nyama ya Mama Mkwe na Damu Iliyokataa Kuganda

"Sema umemlisha nini mke wangu!"

Huyo ni mume wangu, Ndassa. Panga mkononi.

Na aliyekuwa akiulizwa ni mama yake mzazi...

Mimi nilikuwa nimelazwa kwenye mkeka barazani, mwanangu mchanga ubavuni. Damu inatoka puani. Damu inatoka kwenye fizi. Nikienda haja ndogo, mkojo mwekundu. Mapajani nina mabaka meusi kama nimepigwa, na hakuna mtu aliyenigusa.

Jamani, niliogopa. Sijifanyi shujaa hapa mtandaoni.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana najua kuna watu watakimbilia kwenye komenti kuandika "chai hii" hata hawajafika katikati.

Naitwa Auleria, Mhangaza wa Kirushya, Ngara. Mwaka ni tisini na tano. Miaka ile kwetu wakimbizi walikuwa wengi kuliko wenyeji, na barabara ilikuwa malori matupu, usiku na mchana, kupeleka mahindi makambini.

Ndassa alikuwa utingo wa lori mojawapo. Msukuma. Wazazi wake walihama na ng'ombe wao kutoka Shinyanga wakatulia Biharamulo, upande wa Nyakahura. Tukapendana, tukaoana, watu wakasema maneno yao wakachoka.

Mimba ya kwanza nikaenda kujifungulia kwetu Kirushya, kwa mama yangu. Mtoto akatoka salama, wa kike.

Kumbe shida inakuja nyuma...

Mguu wa kushoto ukavimba. Ukawa wa moto, mzito, sikanyagi. Wakanipeleka hospitali ya kambini pale Kasulo, kwa madaktari wa kigeni. Nesi wetu alikuwa Iteka, Mrundi, mkimbizi mwenyewe. Daktari anasema, Iteka ananigeuzia kwa Kirundi, na Kirundi na Kihangaza ni ndugu, kwa hiyo nilielewa kila neno.

"Damu imeganda kwenye mshipa wa mguu," akasema. "Kipande kikikatika kikapanda kwenye mapafu, tunakuzika."

Nyie! Mtu ana mtoto mchanga halafu anaambiwa hivyo!

Nikapewa dawa ya kuzuia damu kuganda. Inaitwa warfarini. Wakanipima mara kadhaa, wakawa wanaongeza na kupunguza, mpaka wakasema sasa imekaa sawa.

"Meza kila jioni," Iteka akaniambia. "Usimeze dawa ya maumivu bila kutuuliza. Siku ya kupima usikose. Na ule kama unavyokula siku zote."

Hayo maneno ya mwisho niliyasikia, lakini nikayachukua kama salamu. Nikajua ananiambia nile vizuri nipone.

Na kwetu nilikuwa nakula nini? Majani! Isombe, yaani kisamvu, leo. Majani ya maharage kesho. Ndizi na majani, ugali na majani. Mama yangu Bernadetha alikuwa hapiki chungu bila kitu cha kijani.

Mguu ukashuka. Ndassa akaja kunichukua, mama yake amwone mjukuu.

Mama mkwe wangu aliitwa Kwandu. Mama mrefu, maneno machache, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa maisha yake yote.

Siku naingia tu, mbuzi chini.

Mbuzi alipoisha, akachinjwa ndama dume. Nyama asubuhi, supu mchana, maziwa jioni, samli juu ya ugali. Mimi nakula, yeye amekaa pembeni ananiangalia mpaka nimalize.

Nikamwambia siku moja kwa heshima zote, "Mama, hata mchicha kidogo ungetosha."

Akakunja uso.

"Mchicha? Mzazi wa kwangu nimlishe majani, yeye ni mbuzi? Kwenu watasema Wasukuma wana ng'ombe wa kuangalia tu!"

Basi, nikala nyama. Mkamwana umechinjiwa, unaanzaje kudai majani? Hiyo ni dharau, na ingesemwa mpaka Kirushya.

Dawa yangu nameza kila jioni, sikosi.

Halafu ikaanza...

Kwanza fizi. Nikipiga mswaki, nyekundu. Nikasema labda mswaki mgumu.

Halafu mabaka.

Halafu nikajikata kidole kidogo tu wakati namenya viazi. Mkato wa kitoto! Mama Kwandu akanifunga kitambaa, kikalowa. Akafunga kingine, kikalowa. Alikaa amenibana kile kidole kutoka mchana mpaka ng'ombe wanarudi zizini, na bado ilikuwa inavuja.

"Hii damu yako ina nini, mwanangu?"

"Sijui, Mama."

Siku ya kupima ikawadia. Barabara ikafungwa, majambazi wameteka lori porini, hakuna gari linalothubutu kupita. Nikabaki.

Jirani yetu mmoja, Suzana, akaja kuniangalia. Mama mkwe alipotoka kidogo, akanisogelea sikioni.

"Auleria, yule mama macho yake umeyaona?"

"Ni moshi, dada."

"Moshi! Wote tunapika na kuni hapa. Mbona wewe tu unavuja, na anayekupikia ni yeye?"

Wenyeji wa huku mnajua. Miaka ile, mwanamke mzee mwenye macho mekundu akinyooshewa kidole kuwa ni mchawi, mara nyingi hakupona. Mtu alikuwa anakutwa asubuhi amekatwakatwa, na hakuna aliyeona kitu.

Hofu ikaniingia, siwafichi. Kila akileta bakuli natazama ndani. Nikaanza kula kijiko kimoja, viwili, nasema nimeshiba.

Nikazidi kuvuja.

Suzana naye hakunyamaza. Ikamfikia baba mdogo wa Ndassa, mzee Juvenali, ambaye tangu baba yake Ndassa afariki ndiye mkubwa wa ukoo. Akamwita Ndassa nyumbani kutoka kazini. Mzee mwenyewe akaja na vijana. Akaja na mganga.

Na hapo ndipo mliponikuta mwanzoni, barazani kwenye mkeka.

"Sema umemlisha nini!"

"Nimemlisha nyama, mwanangu. Nyama na maziwa."

"Muongo!" mzee Juvenali akafoka. "Mkamwana wako anakwisha, wewe unaleta hadithi ya nyama!"

Nikajaribu kuinuka. "Ndassa... nipeleke Kasulo... hospitali..."

"Hospitali hawatibu uchawi," mzee akanikata. "Mganga yupo. Achanjwe, sumu itoke."

Mganga akafungua kifuko chake. Akatoa wembe.

"Chale kifuani, mgongoni na miguuni," akasema. "Damu chafu yote imwagike."

Jamani... mtu ambaye kidole kilivuja mchana kutwa! Nikataka kupiga kelele, sauti ikagoma. Kijana mmoja akanishika mabega. Nikafunga macho, nikaanza Salamu Maria.

"Ni mimi!"

Nikafungua macho. Mama Kwandu amesimama katikati ya wale wanaume wote.

"Ni mimi niliyemroga. Mmeridhika?"

Ndassa akashusha panga, akamwita mama yake kwa Kisukuma. "Mayu...?"

"Na dawa yangu haitoki kwa wembe. Ukimchanja hata kidogo, anakufa hapo hapo, na mganga wako atazikwa naye." Akamtazama yule mganga usoni. "Jaribu."

Mganga akarudisha wembe kwenye kifuko. Haraka!

"Inatoka kwa nini?" mzee Juvenali akauliza.

"Kwa sindano ya wazungu. Kasulo, kambini. Na iwe leo."

Huyu mwanamke aliyekuwa ananibembelezea mtoto... huyu aliyenibana kidole... kumbe!

Mzee Juvenali akaamuru afungwe kamba kwenye nguzo ya zizi.

"Mpeleke mkeo," akamwambia Ndassa. "Akirudi hai, huyu tutamfukuza kijijini. Ikirudi maiti, wa kuzikwa watakuwa wawili."

Ndassa akanipandisha kwenye baiskeli, mtoto mgongoni mwake, mpaka barabarani. Msafara wa malori ulikuwa umeanza kupita na askari mbele. Madereva walikuwa wanamfahamu, wakanilaza juu ya magunia ya mahindi. Njia nzima nalia. Nalilia maisha yangu, na nalia kwa sababu nilikuwa nimempenda yule mama.

Kasulo wakanitoa damu, wakapima. Daktari akatazama majibu, akasema kitu kwa haraka, nikachomwa sindano. Iteka akaniinamia.

"Humura, Auleria. Usiogope. Ulimeza dawa zaidi ya tulivyokuambia?"

"Hapana."

"Ulimeza dawa ya maumivu? Ya mitishamba?"

"Hapana. Nimerogwa, Iteka. Mama mkwe amekiri mwenyewe."

Hakucheka. Akauliza tu, "Huko kwa mkwe ulikuwa unakula nini?"

"Nyama. Maziwa. Samli. Siku za mwisho nilikula vijiko viwili tu."

"Na isombe?"

"Hakuna. Huko mzazi hapewi majani."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Iteka akamgeukia daktari, wakaongea. Daktari akajishika kichwa.

"Sikiliza vizuri," Iteka akasema, na Ndassa naye akasogea. "Majani ya kijani yana kitu kinachosaidia damu kuganda. Dawa yako inavuta huku, majani yanavuta kule. Tulikupimia dawa wakati unakula majani kila siku. Majani yakakatika ghafla, dawa ikabaki inavuta peke yake. Halafu ukapunguza hata kula. Ndiyo maana ulikuwa unavuja."

"Kwa hiyo... sumu?"

"Hakuna sumu. Amekulisha vizuri, basi."

Nilimtazama Ndassa. Uso wake sijauona hivyo tena mpaka leo.

"Lakini amekiri," akanong'ona. "Mayu amekiri. Mbona alikiri?"

Hakusubiri jibu. Akatoka mbio, akarukia lori la kwanza linalorudi tupu.

Nikabaki wodini na mtoto. Sasa damu yangu ilikuwa inatulia, hofu ndiyo ilikuwa haitulii. Nilijua jinsi watu wanavyofanya. Wangapi wangesubiri maiti irudi? Ilitosha kijana mmoja mwenye pombe kichwani. Kila lori likisimama nje, najikaza niangalie. Hakuna.

Siku ikapita. Nyingine ikapita. Iteka ananilisha isombe, macho yangu yako mlangoni.

Halafu mchana mmoja mlango wa hema ukafunuliwa...

Ndassa. Na nyuma yake mama Kwandu, anachechemea. Mdomo umevimba, jicho moja limefumba, vifundo vya mikono vimechunika kwa kamba.

Lakini anatembea!

Ndassa akanisimulia. Alifika pale zizini, akaikata kamba, akasimama mbele ya mzee Juvenali na vijana wote.

"Mke wangu yuko hai na daktari amesema hakuna sumu," akawaambia. "Ni dawa yake ya damu na chakula kilichobadilika. Mama alimlisha nyama tu. Na nyama ile tuliila wote! Wewe baba mdogo ulipewa hadi paja. Mbona huvuji?"

Wakatazamana. Hakuna aliyeomba radhi. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wanakung'uta matako utadhani walikuja kunywa tu.

Nikamshika mama mkono.

"Mama... kwa nini ulikiri kitu ambacho hukufanya?"

Akakaa kitandani taratibu, akamchukua mjukuu wake.

"Ningesema hapana, wangekaa pale kunibishia mpaka jua lizame, na wembe ungekuwa umeshapita," akasema. "Hapana yangu nani angeiamini, na macho haya? Nikaona niwape ndiyo. Ndiyo waliiamini wote mara moja, wakakuinua."

"Wangekuua, Mama!"

"Hilo nililijua."

Wadau, nililia mpaka Iteka akaja kuniangalia kama nimeanza kuvuja tena.

Mama Kwandu hakurudi tena kijiji kile. Tulihamia wote Kirushya, Msukuma katikati ya migomba. Kipindi chote nilichobaki kwenye dawa alinipimia majani kwa kibakuli kimoja kila siku, hayazidi, hayapungui, na mtu akiniongezea kijiko anagombezwa. Kaburi lake liko karibu na la mama yangu.

Sasa somo, na hapa sina utani. Ukiwa kwenye dawa ya kuzuia damu kuganda, usiache mboga za majani ghafla na usizifakamie ghafla. Kula kwa usawa uliozoea. Ukihama, ukiugua, ukifunga, ukibadilisha chakula au ukiongezewa dawa nyingine, waambie hospitali siku hiyo hiyo. Kupima usikose. Ukiona fizi, pua au mkojo unatoa damu, kimbia hospitali, na mtu asikuguse na wembe.

Na la pili. Mkiona mtu anaumwa msichokielewa, pelekeni mgonjwa hospitali kwanza. Pale barazani walikuwepo wanaume wengi wanaonitakia uzima, na wote walikuwa wanatafuta mchawi. Aliyekuwa anatafuta gari alikuwa mmoja tu, na ilibidi ajiite mchawi ndipo apewe.