Anayetangulia Mlangoni

Glasi ya pili ilikuwa imenywewa nusu. Müzeyyen Hanım aliitazama, kisha akaitazama ya kwake, ambayo hata hakuwa ameigusa. Tangu mumewe afariki miaka miwili iliyopita, bado alikuwa akimimina chai glasi mbili kila alasiri, na ile ya pili huimwaga ikishapoa. Upweke nao una wazimu wake. Akajiambia kwamba huenda ameinywa mwenyewe akasahau.

Lakini alijua alichokifanya asubuhi ile. Baada ya kustaafu kazi ya maktaba pale Edirne, Uturuki, alipewa kuandika kamusi ya maneno ya kijeshi ya zamani, na sasa alikuwa amefika kwenye neno serdengeçti, yaani aliyekitoa kichwa chake. Hao walikuwa askari wa kujitolea. Ukuta wa ngome ukishatobolewa, karani hukaa na daftari, na anayekubali kutangulia kuingia penye tundu huandikwa jina. Tangu hapo huhesabiwa maiti. Dalkılıç, wale wa panga uchi, nao walikuwa watu wa roho mkononi, lakini neno la kwanza ndilo lililomkaa moyoni.

Mezani alikuwa na nakala ya daftari moja la namna hiyo. Kwao, siku ya kuwakumbuka mashahidi wa vita, majina husomwa kwa sauti na umati huitikia, "Yupo." Müzeyyen, kwa kuchoshwa na ukimya, akawa anasoma majina yale na kujiitikia mwenyewe, kama mtoto anayecheza peke yake. Alipofika kwa Durmuş mwana wa Veli, akakatiza kwanza ageuze ukurasa kabla ya kujiitikia. Kutoka jikoni kukaitikiwa polepole, kwa sauti ya kijana: "Nipo."

Alisingizia redio ya jirani. Ila redio hainuki, na kuanzia siku ile ukumbi ulinuka baruti na sufi iliyolowa. Kisha zikaja hatua za buti kwenye mbao, mchana kweupe, na kila alipokusudia kuingia chumba chochote, kabla mkono wake haujafika kwenye kitasa, mlango ulifunguka wenyewe taratibu, hatua zikaingia kwanza, zikazunguka chumba kizima hadi nyuma ya pazia na chini ya dirisha, zikasimama, na hapo ndipo yeye alipojikuta anaingia kwa sababu amekwisha kufanyiwa njia.

Baada ya wiki alikuwa akiogopa bado, lakini alikuwa pia akilala vizuri. Hilo hakumwambia mtu.

Ijumaa binti yake, Nihal, alikuja kutoka Bursa bila taarifa, akiwa na ufunguo wake. Alipouzungusha tu, mlango ulisukumwa kutoka ndani kwa nguvu za wanaume kumi, ukamtupa ngazini. Mkono ulivunjika. Hospitalini, Nihal alimwambia mama yake bila kumtazama kwamba hatakanyaga tena nyumba ile, wala mjukuu hataletwa, mpaka hicho kilichomo kitoke.

Basi akaitwa Bibi Hacer, myeyusha risasi, mganga wa kuondoa mashetani, ajuza wa miaka themanini na ushei. Alimfunika Müzeyyen shuka kichwani, akayeyusha madini ya risasi kwenye kikaango, akayamimina ndani ya bakuli la maji lililoinuliwa juu ya utosi wake. Maji yalifoka. Kilichotoka kilikuwa donge la mviringo, laini, kama kichwa kilichokatwa shingoni.

"Mwanangu," Bibi Hacer alinong'ona, "huyu hana ubaya na wewe. Anafanya kazi aliyoandikiwa. Mtu akija mlangoni, kwake ni vita."

"Anataka nini, bibi?"

"Walioandikwa vile hawakuwa na wa kuwasubiri. Wewe umemwita, na mimi siwezi kumfukuza mgeni wa mwenzangu. Mwambie mara tatu: umepewa ruhusa, nenda. Ni askari, atatii."

Müzeyyen alisema mara ya kwanza. Hatua zilitoka chumbani hadi ukumbini. Akasema mara ya pili. Hatua zilikwenda hadi mlango wa nje, zikasimama, na kitasa kikaanza kuzunguka. Ubaridi wa theluji ukapenya chini ya mlango, na ndani ya shuka lile lenye giza Müzeyyen akamwona Nihal na simu zake za dakika tatu kila Jumapili, akauona msimu mzima wa baridi ulio mbele yake, jioni baada ya jioni, vyumba vinne visivyo na mtu wa kutangulia wala wa kufuata, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Durmuş, mwanangu," alisema, "huko nje kuna theluji."

Kitasa kikatulia. Bibi Hacer alikusanya vyombo vyake, akakataa chai, akashuka ngazi bila kuaga.

Simu ililia kabla shuka halijakunjwa.

"Mama, ametoka?" aliuliza Nihal, aliyekuwa ameambiwa siku ya uganga ule. Sauti yake ilikuwa imelainika, sauti ya zamani, ya utotoni. "Niambie kweli."

"Ametoka."

"Alhamdulillahi. Basi tuko hapa chini, mama. Tumekuja na mtoto. Amekimbia mbele, anapanda ngazi."

Müzeyyen alitaka kupiga kelele. Nyuma yake, buti zilikuwa zimekwisha kuanza kukimbia kuelekea mlangoni.