Litia Aliwapa Maneno ya Jikoni Kwetu

Bado naisikia ile sauti... Wasichana nisiowajua, wamevaa jezi za bluu, wakipaza sauti kwa pamoja: "Dagaa!" Kisha kicheko. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimeuzwa.

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na mbili. Ni Mrundi, nilizaliwa kambi ya wakimbizi Tanzania, nikaletwa huku Sydney nikiwa mdogo. Shule niliishia kidato cha nne, vitabu havikunipenda. Naishi na mama yangu mtaa wa Toongabbie, na nafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kwa asili mimi ni mtu wa kucheka. Lakini mkasa huu ulinifunga mdomo kwa miezi.

Ndoto yangu ilikuwa raga. Nilitaka kuchezea timu ya jimbo, basi. Nikiosha masufuria najiona nimevaa jezi yake, nikitabasamu peke yangu kama mwehu.

Aliyenitia moyo ni Litia. Yeye ni Mfiji, ananizidi miaka mitatu. Alikuja kuishi kwa shangazi yake, mtaa wa Rooty Hill, akapata kazi ya kupanga mizigo kwenye ghala. Kwao alicheza pekupeku, kwa kujificha, kwa sababu baba yake alisema mchezo ule ni wa wanaume. Alitaka kitu kimoja tu maishani: avae jezi ya Fiji, baba yake amwone kwenye televisheni. Akikisimulia hicho sauti yake inatetemeka, nami nalia naye. Ningewezaje kutompenda?

Kwa wasioijua raga, nieleze kidogo. Mpira ukitoka nje ya uwanja, kila timu inapanga mstari. Mmoja anaurusha mpira katikati ya mistari miwili, na kila timu inamwinua mchezaji wake juu audake. Mimi ni mrefu na mwembamba, basi wa kuinuliwa nilikuwa mimi. Wa kuniinua alikuwa Litia, mwenye mabega kama mlango. Akinishika, sikuwahi kuogopa kuanguka.

Kabla ya kurusha, hutajwa neno la siri la kuonyesha mpira unakwenda wapi. Ya kwetu yalikuwa yameshajulikana na kila mtu. Sasa siku moja Litia yuko kwetu anakula, mama anamfundisha majina ya vyakula kimoja kimoja, nikapata wazo. Kwa nini tusitumie Kiswahili? Maharage ikawa mbele, ndizi katikati, dagaa nyuma. Katika ligi yetu nani angejua? Wenzetu Wazungu walitamka "indizi", tukacheka mpaka mbavu zikauma. Lakini mipira tuliidaka.

Mama alimpenda Litia jamani... Alikuwa akisema, "Huyu naye nimemzaa, ila alipitia Fiji." Litia naye alimwita Mama, kwa Kiswahili, na sufuria la maharage alilifunua bila kuomba ruhusa.

Msimu ulipokwisha, timu moja kubwa ya upande wa pwani ikamwita. Alisema wachaguzi wa Fiji hupita huko. Nilifurahi kama nimeitwa mimi. Nilimbebea begi mpaka stesheni.

Kocha wetu, mama mmoja wa Kisamoa asiye na maneno mengi, akasema tubadilishe yale maneno. Nikamkatalia.

"Litia ni dada yangu," nilimwambia. "Hawezi."

"Una hakika?"

"Nina hakika kuliko jina langu."

Nilimpigia hata simu Litia nikamweleza. Akacheka. "Yale maneno ni ya Mama," akasema. "Nitayapeleka wapi?" Nikalala usingizi mtamu.

Msimu uliofuata, nusu fainali tukapangwa na timu yake. Kocha aliniita pembeni, akaninong'oneza kwamba wachaguzi wa jimbo wako jukwaani, na wamekuja kuniangalia mimi ninavyoruka. Mimi! Mama alikuwepo pia, amejifunga kitenge chake cha kanisani.

Mpira wa kwanza ukatoka nje. Mrushaji wetu akaita, "Dagaa!" Na wale wa bluu wote wakajibu, "Dagaa!" Msichana wao alikuwa juu kabla yangu. Akaudaka.

Nikamtazama Litia. Akatazama viatu vyake.

Ikawa hivyo kila mara. Ndizi, wako katikati. Maharage, wako mbele. Na kinachoniuma mpaka leo ni mama yangu... Kule jukwaani alisimama, akapiga makofi, akawaambia waliokaa karibu, "Sikieni, hawa watoto wa watu wamejifunza Kiswahili!" Alidhani wanamsalimia.

Mapumziko kocha akatupa maneno mapya, lakini vichwa vilikuwa vimevurugika. Mrushaji anarusha mbele, mimi naruka nyuma. Mara moja nikaanguka vibaya mgongoni. Tulifungwa. Wachaguzi waliondoka filimbi ya mwisho haijalia. Jina langu halikutoka kwenye timu ya jimbo.

Nahodha wetu alinipita, akaketi kuvua soksi zake. "Dada yako anacheza vizuri," akasema. Hakuongeza neno.

Wafiji wana desturi ya kushikana mikono baada ya mechi, timu zote mbili, kuimba na kusali. Litia akaanzisha wimbo. Ana sauti nzuri, siwezi kusema uongo. Akaninyooshea mkono niingie kwenye duara.

"Kocha wangu aliniuliza," akasema polepole. "Nisingesema ningekaa benchi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningenyamaza, Litia."

"Wewe una Mama yuko jukwaani. Mimi wangu ataniona lini?"

Sikuushika ule mkono.

Haukupita muda mrefu, Litia akaitwa timu ya Fiji. Mama aliiona picha yake kwenye simu, akapiga vigelegele. Kila Jumapili ananiuliza, "Mbona mwenzio haji? Nimemwekea chakula." Namjibu yuko safarini. Sijamwambia, na wala sitamwambia. Abaki na Litia wake kama alivyo.

Ndugu zangu, hasa ninyi wasichana wenye mioyo laini kama mimi, nawaombeni. Mpende rafiki, mlishe, mlie pamoja. Lakini siri ambayo wenzako wengi wanaitegemea, usiiwekee dhamana kwa sababu tu unampenda mtu. Aliyekuzidi akisema tubadilishe, badilisheni. Rafiki wa kweli hataumia kwa hilo. Na ukiwa na ndoto, usidhani anayekuinua juu hana ya kwake inayomchoma ndani...

Jumamosi iliyopita nilirudi uwanjani. Sisi wa kuinuliwa hufungwa vipande vya sponji mapajani kwa utepe, ili wanaotuinua wapate pa kushika. Kazi hiyo inataka mikono ya mtu mwingine, na misimu yote mikono hiyo ilikuwa ya Litia. Msichana mmoja mgeni aliuliza kama anisaidie. Nikamshukuru, nikamwambia atangulie.

Walipotoka wote, nilikaa kwenye benchi, nikaibana ncha ya utepe kwa meno, nikauzungusha mwenyewe juu ya sponji, paja la kushoto, kisha la kulia.