Anwani: Ndani ya Miwa

Wanawake saba walikuwa wameketi kwenye benchi la kliniki. Sita walipoinuka kwenda zao, waliacha alama sita. Wa saba alipoinuka kusogea karibu na meza, jivu alilokuwa amelikalia lilibaki kama lilivyokuwa.

Msimu wa kuchoma miwa, jivu jeusi huanguka Kakamega mchana kutwa. Huanguka kwenye uji, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye kipara cha mhubiri. Mtu akikaa kisha akainuka, makalio yake huacha pahali safi. Khalayi alilitazama benchi, akahesabu tena, akasingizia uchovu. Kwa miezi minne alikuwa amesingizia uchovu kwa kila kitu, na mara nyingi alikuwa hakosei.

Ulikuwa mwaka wa sabini na tisa, miwa imeyala mashamba mpaka mlangoni pa jikoni. Khalayi, mwanafunzi wa udaktari mwaka wa nne, alikuwa ametumwa kutoka Nairobi kumsaidia Dakta Osundwa katika utafiti wake: kwa nini wake za wakata miwa wanaharibikiwa na mimba? Walitakiwa wanawake mia mbili, kila mmoja ajibu maswali arobaini na mawili. Wanawake walijibu polepole. Walilia kwenye swali la kumi na moja, wakaenda kugeuza maharagwe kwenye swali la ishirini, wakarudi wamesahau walikuwa wamesema nini. Alipofika mia moja themanini na wanane, miguu ilikataa.

Basi alasiri moja ya Januari, kati ya saa nane na saa kumi, kwa kalamu ya biki na birika moja la chai, Khalayi alizaa wanawake kumi na wawili bila kutoka jasho.

Wa kwanza alimfanyia kazi kidogo. Alice, bibi ya Shikanga, mkata miwa. Mimba sita, tano zikaharibika, ya sasa ina miezi saba. Penye anwani aliandika: ndani ya miwa. Kwani nani hakuishi ndani ya miwa? Wale kumi na mmoja waliofuata aliwabadilishia majina tu.

Sasa ilikuwa Machi, na huyu wa saba alikuwa amesimama mbele ya meza. Alinuka sukari iliyoungua, na chini ya ile sukari, kitu kibichi kilichoungua pamoja nayo.

"Karibu, mama. Jina?" Khalayi aliuliza bila kuinua macho.

"Alice. Bibi ya Shikanga."

Kalamu ikasimama. Akina Alice ni wengi kama kunguru, alijiambia, na akina Shikanga pia.

"Unatoka wapi?"

"Ndani ya miwa."

"Mimba ngapi?"

"Sita. Tano ziliharibika." Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu aliyetembea mbali. "Si uliandika mwenyewe, daktari? Mimi siulizi kwa nini. Naulizia tu mahali. Wale watano walizikwa wapi? Hapo hukuandika, na mimi mama yao sijui."

Khalayi akainua macho. Ule uso haukuwa na kasoro yoyote, ila haukukumbukika hata wakati wa kuutazama. Hakuna swali kati ya yale arobaini na mawili lililouliza mtu ana uso gani.

"Huyu wa sita amefika," mwanamke akasema. "Nimekuja kuzaa."

Mikono iliyofundishwa kazi haingoji ruhusa ya kichwa, kwa hiyo Khalayi alijikuta amemlaza kitandani, amekiweka kile kibomba cha mbao cha kumsikilizia mtoto juu ya tumbo lililokuwa baridi kama mtungi wa maji, ameinama na kutega sikio akitafuta mapigo ya moyo, na badala ya mapigo akasikia sauti yake mwenyewe, mbali, ikisoma maswali, la kwanza, la pili, la tatu, bila kupumzika, hadi la arobaini na mawili, kisha ikaanza upya, na kila baada ya swali kukawa na kimya kifupi ambamo kitu kidogo sana kilikuwa kinajaribu kujibu.

Hakukumbuka alivyotoka. Alijikuta chumba cha nyuma, ambako Sista Zilpah, mkunga wa kliniki, alikuwa akichemsha mikasi.

"Nani anakufukuza?"

"Sista," Khalayi akanong'ona, "kuna mama hapo ndani. Nilimtunga."

"Ulimtunga namna gani, na ni mtu?"

Akamwambia yote. Zilpah alizima jiko, akafunga mlango kwa kiwiko.

"Kule Mumias Waislamu wanasemanga jini hana shida na mtu, shida yake ni nyumba. Wewe umemjengea kumi na mbili, ukaacha milango wazi."

"Wewe ni mtu wa kanisa, Sista. Unaamini majini?"

"Mimi naamini kile kiko kwa kitanda yangu. Hiyo ya kuamini na kutoamini ni yenu mliosoma."

"Tuite mganga?"

"Mganga atatoa kitu hakuweka? Enda kwa daktari yako, sema ukweli, hizo karatasi zichomwe. Akikosa nyumba ataenda."

Kusema ukweli kulikuwa ni kufukuzwa chuo. Kule Lumakanda baba yake alikuwa ameshalisimamisha kanisa zima limwombee "daktari wetu," na bado hajawa daktari. Khalayi alifikiria hilo kwa hatua tatu hivi, kisha akaenda. Kwa mara ya kwanza tangu Desemba alitembea haraka.

Dakta Osundwa alimsikiliza amefumba macho. Akaomba zile fomu kumi na mbili, akazipitia moja moja.

"Hizi ndizo safi kuliko zote," akasema. "Wale wengine wanalia, wanasahau miezi. Hawa wamejibu."

"Daktari, hawapo."

"Nairobi wanataka mia mbili."

"Zichome, daktari. Niko tayari kurudia mwaka. Hata kufukuzwa niko tayari."

Osundwa alivuta ripoti, akafungua ukurasa wa mwisho, akatia sahihi. Akagonga muhuri.

"Sasa wapo," akasema. Akazifungia fomu kwenye droo, ufunguo akautia mfukoni. "Nenda upumzike, Khalayi. Utakuwa daktari mzuri. Tayari unaandika kama sisi."

King'ora cha kiwanda cha sukari kilikuwa kinalia saa tisa aliporudi. Nyuma ya kliniki bloku nzima ya miwa ilikuwa inaungua, na jivu lilikuwa linashuka taratibu juu ya benchi na juu ya wanawake kumi na wawili walioketi hapo, bega kwa bega, kila mmoja na tumbo lake, na wote wakiwa na uso mmoja.

Zilpah alisimama mlangoni, mikono imeoshwa mpaka viwikoni, midomo imepauka.

"Amekataa?"

"Ametia sahihi."

"Wote wamefika siku moja," Zilpah akanong'ona. "Kwa nini wote, mwanangu?"

"Nilikuwa nimechoka," Khalayi akasema. "Nilinakili."

Mmoja akashika kiuno. Kisha wote wakashika kiuno, wakajisukuma kuinuka, polepole, kama wainukavyo wanawake waliobeba mizigo ya kweli, na mbao za benchi zikalia.

Khalayi hakuzitazama nyuso zao. Alilitazama benchi.

Alama zilikuwa kumi na mbili.