Ndege wa Vijiko

"Shangazi, huyu umemtoa wapi?"

"Jalalani, mtaa wa juu. Leo kuna mtu katupa nusu ya nyumba. Kwani ana nini?"

Fundi akainama kwenye rundo la vyuma. Kazi yake ni kuunda sanamu kwa vitu vilivyotupwa, na gunia alilomwagiwa na shangazi yake lilikuwa la kawaida: vitasa, mabomba, sufuria zilizotoboka. Ila katikati alilala ndege mwenye mabawa ya vijiko na macho ya vifungo vya koti. Alimuunda kwa mikono yake, akampa mchumba wake siku alipovishwa pete.

Akampigia simu mchumba.

"Mpenzi, ndege wangu hajambo?"

"Hajambo kabisa! Yuko juu ya kabati, ananitazama. Kila nikiamka namsalimia yeye kwanza."

"Kweli?"

"Sasa nikudanganye ili iweje?"

Mwanaume muongo huyu, hata kukohoa hakukohoa!

"Labda alidondoka kwa bahati mbaya, shangazi."

"Alidondoka, akajifunga mwenyewe kwenye gunia? Mwanangu, dalili ya mvua ni mawingu."

Fundi akaandika ujumbe: "Nakuja kukuona."

Jibu likaja upesi: "Usije leo mpenzi, nina homa kali. Nisije nikakuambukiza."

Mapenzi yana wazimu wake. Alikwenda vivyo hivyo na aproni iliyotobolewa na cheche, masizi usoni, na njiani akapitia duka la dawa. Moyoni bado alikuwa akimwonea huruma mgonjwa wake.

Mlango ulifunguliwa na dada mmoja aliyejifunga taulo kichwani. Akamtazama fundi juu mpaka chini, akatabasamu.

"Pole dada, umechelewa. Vyuma chakavu tumetupa vyote asubuhi. Tunafunga ndoa Jumamosi, nami nimemwambia mume wangu sitaki takataka ndani."

Nyuma yake akatokea mchumba, mzima wa afya, kikombe mkononi. Alipomwona fundi, uso ukamshuka.

"Unamfahamu?" dada akamuuliza.

Fundi alisubiri. Mchumba angelitaja jina lake tu, fundi angemsamehe yote palepale. Ndivyo alivyompenda.

"Huyu? Mwokota vyuma tu," mwanaume alisema, macho sakafuni. "Mwambie tukipata vingine tutamwita."

"Umesikia, dada?"

"Nimesikia," fundi akajibu. "Asante, kaka."

Akashuka ngazi akilia.